Dume wa Bondeni Kinyala

Siku Daktari Hosea Kalumuna alipomwambia Tusekile akae kwenye kiti chake na atazame yeye kwenye hadubini, Tusekile alidhani anatahiniwa. Miaka ishirini na sita alikuwa akimwandalia mzee yule wadudu wake, akiwagundisha kwenye vijikaratasi, akiwaandikia lebo, akiwafuta vumbi, na hata mara moja hajawahi kukalia kiti kile. Akajifuta mikono kwenye kitenge, akakaa ukingoni.

“Unaona nini?” Daktari akauliza.

“Namwona, Daktari.”

“Sikukuuliza unamwona nani. Unaona nini?”

Tusekile akainama tena. “Kuna kijiti. Kimepinda kwenda juu. Mwishoni kimegawanyika.”

“Mara ngapi?”

“Mara mbili.”

“Ncha zinalingana?”

“Hapana. Ya kushoto ni ndefu, halafu imejikunja kama ukucha wa kuku.”

Daktari alikuwa amesimama dirishani, mvua ya Aprili ikitiririka kwenye kioo, na uso wake ulielekea nje ingawa ukungu ulikuwa umeshameza hata migomba ya jirani.

“Mimi sioni kijiti,” akasema. “Naona wingu. Tangu Januari. Nilidhani ni lenzi, nikaisafisha. Si lenzi.”

Huo ulikuwa mwaka 2021. Kisukari kilikuwa kimeshamla vidole viwili vya mguu wa kushoto, na sasa kilikuwa kimepanda machoni.

Daktari Kalumuna alikuwa mtu wa Bukoba. Aliletwa Tukuyu na serikali akiwa kijana, kuchunguza wadudu wanaoharibu chai na migomba, na alipostaafu hakurudi kwao. Watu walisema amezoea baridi. Ukweli ni kwamba binti yake wa pekee, Doreen, alikuwa amezikwa Tukuyu. Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa kidato cha tano, akafa ndani ya siku nne, na mama yake akaapa kuwa hataondoka akamwacha peke yake kwenye udongo wa watu. Wakabaki wawili katika nyumba yao, na sebule ikageuka chumba cha wadudu.

Tusekile Mwankenja yeye ni mtoto wa kijiji cha Kinyala. Aliishia darasa la saba. Mumewe alikwenda Chunya kuchimba dhahabu, barua zikaja mbili, kisha zikakoma. Yeye akapata kazi ya ufagiaji kwenye kituo cha utafiti alikofanya kazi Daktari. Siku moja sanduku la Daktari lilianguka kutoka kwenye rafu, wadudu zaidi ya mia wakatawanyika sakafuni, na Daktari aliporudi alikuta mfagiaji amewarudisha wote kwenye mistari yao. Akawakagua mmoja mmoja. Mfagiaji alikuwa amekosea wawili tu.

“Umesoma lebo?” alimuuliza.

“Sijasoma. Nimewaangalia sura.”

Tangu siku ile hakuwa mfagiaji tena, ingawa kwenye karatasi za mshahara cheo chake hakikubadilika hata kidogo.

Wadudu waliomshughulisha Daktari uzeeni walikuwa wale ambao wakulima wa pamba huko Usukumani huwaita chawajani. Ni vijidudu vidogo kuliko punje ya mchele, vina umbo la kabari, vinakaa juu ya majani na kufyonza utomvu. Ukimsogelea, anakwenda kiubavu kama kaa. Ukimgusa, anaruka na humwoni tena. Dunia ina maelfu ya aina zao. Lakini miaka miwili kabla ya kustaafu, kwenye mabonde yenye maji chini ya Mlima Rungwe, Daktari na Tusekile walikuwa wamewanasa wengine wasiofanana na yeyote aliyeandikwa kitabuni: wa rangi ya udongo, paji la uso lina ukingo mkali, mabawa mafupi yasiyofika mwisho wa tumbo. Hawakuweza kuruka mbali. Kila bonde lilikuwa na wake, na wa bonde hili hakujuana na wa bonde lile. Daktari alihesabu aina nne, akasema hizi si aina mpya tu, ni jenasi mpya, ukoo mzima ambao hakuna mtu aliyewahi kuupa jina. Akauita Mbakella, kwa ajili ya mto Mbaka.

Kuupa ukoo jina si kazi ya kutamka. Lazima kila aina ielezwe kiungo kwa kiungo, ichorwe, ipimwe, na ioneshwe inavyotofautiana na nyingine. Na chawajani kwa nje wanafanana kama mapacha. Kinachowatenganisha ni kiungo cha uzazi cha dume, ambacho kila aina inacho cha kwake, kama ufunguo na kufuli yake. Inabidi umkate dume ncha ya tumbo, uichemshe kwenye potashi mpaka nyama iyeyuke, uisuuze, uiweke kwenye tone la gliserini, ndipo utazame. Kitu chenyewe ni chembe ya vumbi. Pumzi ya pua inatosha kukipoteza.

Basi kwa mwaka mzima wakafanya kazi hiyo hivi: Tusekile kwenye kiti, Daktari pembeni macho yakiwa yamefumbwa, maana alisema akifumbua ule ukungu unamvuruga. Tusekile alikuwa akitoka kituoni saa tisa na nusu, anapitia sokoni, na saa kumi yuko sebuleni kwa Daktari. Anaeleza, Daktari anauliza, Tusekile anatazama tena. Hakuwa na maneno ya kitaalamu, akatumia ya nyumbani. Aina ya kwanza ilikuwa na ukucha wa kuku. Ya pili ilikuwa kama ndoana ya kuangulia maparachichi. Ya tatu ilikuwa na miiba miwili inayotazama nyuma, kama pembe za mbuzi. Ya nne ilikuwa bapa, imejikunja kama ganda la mgomba lililokauka. Daktari aliyageuza kuwa Kiingereza cha vitabu, na mkewe, ambaye wote walimwita Mama Doreen, aliyaandika kwenye daftari la mistari kwa mwandiko wake wa ukunga, ulionyooka, maana alikuwa mkunga kabla ya kustaafu. Michoro alichora Tusekile mwenyewe. Alikuwa na mkono mtulivu.

“Kama ningejua kuwa macho yako yana thamani hii,” Daktari alimwambia jioni moja, “ningeyaomba mapema.”

“Yako hapa, Daktari. Hayaendi popote.”

Aprili ya mwaka 2022 Tusekile alikwenda Kinyala kumwona mama yake, ambaye alikuwa hajiwezi. Nyuma ya nyumba, chini ya shamba la viazi, kulikuwa na bonde dogo la chemchemi lililojaa majani marefu, ambako wakiwa watoto walikatazwa kuchezea kwa sababu ya nyoka. Alikuwa na wavu wake kwenye mkoba, kama kawaida. Akateremka, akafagia majani kwa wavu mara chache tu, zaidi kwa mazoea. Ndani ya wavu wakatokea wawili wa rangi ya udongo, wenye paji kali, lakini kwenye kila bawa walikuwa na doa jeupe ambalo hakuwahi kuliona.

Mdogo wake, Asajile, aliyeachiwa shamba na nyumba na baba yao, alikuwa amesimama juu ya ukingo akimtazama.

“Dada, mtu mzima na chandarua kwenye fimbo,” akasema akicheka. “Watu watasema nini?”

“Kazi tu,” Tusekile akajibu, akaingiza wadudu kwenye kichupa, akabadilisha mazungumzo.

Neno hilo, “kazi tu,” alikuja kulikumbuka mara nyingi baadaye. Angeweza kukaa naye chini dakika tano akamweleza. Aliona haya.

Wale wawili walikuwa majike. Aliporudi sebuleni kwa Daktari, Tusekile alieleza alichokiona, na Daktari akamfanya arudie habari ya lile doa jeupe mara tatu. Kisha akaomba kichupa, akakishika mkononi kama mtu anayepima uzito wa pete.

“Huyu ni wa tano,” akasema. “Naye ndiye mzuri kuliko wote, si ndiyo?”

“Ndiye.”

“Basi huyu ni wa Doreen. Wale wengine nimewapa majina ya mabonde. Huyu ataitwa kwa jina la mwanangu.”

Mama Doreen aliacha kuandika. Kalamu ilibaki juu ya daftari. Akainuka akaenda jikoni, na walimsikia akifungulia maji kwa muda mrefu.

Lakini jike pekee hakutosha. Sheria haikatazi kumpa jina, Daktari alieleza, ila yeye hakuwahi kuandika aina bila dume na hangeanza uzeeni. Akija mtu kesho na dume wa bonde jingine, atajuaje kama ni huyo huyo? Tusekile akarudi Kinyala mara mbili mwezi huo, akaambulia majike wengine watatu waliokufa kwenye tando za buibui, wamekauka na kuvunjika, hawafai kitu. Madume huishi siku chache tu baada ya mvua kubwa, na siku zao zilikuwa zimepita. Ikabidi kungoja mwaka mmoja.

Mwaka huo ukawa mrefu. Mama yake Tusekile alifariki mwezi wa Agosti. Daktari alianza kuvimba miguu, kisha uso. Figo zilikuwa zinachoka. Akawa anapelekwa Mbeya na kurudishwa, na kila akirudi sauti yake ilikuwa imepungua. Hata hivyo alikuwa akimuuliza Tusekile habari za mvua kama mkulima.

Aprili 2023, wiki baada ya Pasaka, Daktari alilazwa hospitalini Makandana, pale Tukuyu. Tusekile aliomba ruhusa kazini ya siku nne, akapanda bodaboda mpaka Kinyala na wavu wake, vichupa na mrija wa kufyonzea wadudu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Alimsalimia wifi yake, mke wa Asajile, akapita moja kwa moja nyuma ya nyumba.

Bonde halikuwepo.

Ardhi ilikuwepo, na chemchemi pia, imechimbiwa mfereji ulionyooka unaoteremsha maji mpaka mtoni. Majani yalikuwa yamefyekwa, na mabaki yake yamepigwa dawa ya magugu, yamekuwa ya njano na kulala chini. Kwenye udongo mweusi kulikuwa na mashimo yaliyopangwa kwa kamba, na katika kila shimo mche wa parachichi, mfupi kama goti, umefungiwa kwenye kijiti.

Asajile alimkuta amesimama pale, viatu vimezama.

“Umeona, Dada?” akasema kwa furaha. “Februari yote nilikuwa humu. Mgongo umeniuma mpaka nikalala siku tatu.”

“Ulifyeka yote?”

“Yote. Bonde lilikuwa limelala bure tangu wakati wa baba. Sasa hivi kila mtu anapanda parachichi, mpaka huko Mpuguso.” Akamtazama usoni, furaha ikapungua. “Kuna nini?”

“Wale wadudu.”

“Wadudu gani?”

“Niliokuja kuwashika mwaka jana. Walikuwa humu tu, Asajile. Hawako mahali pengine.”

Asajile alitazama mfereji, kisha wavu, kisha dada yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watoto wanne, na wa kwanza alikuwa akingoja kwenda sekondari.

“Hukuniambia,” akasema taratibu. “Uliniambia ni kazi tu. Ungesema niache kipande, ningeacha kipande. Majani tu hayo.”

Tusekile alijua kuwa ni kweli.

Siku tatu alitafuta. Alifagia kila shungi la majani lililobaki kando ya mfereji. Asajile akaacha kazi zake akaja kumsaidia, akashika kichupa kwa vidole vyake vinene, akiuliza kila mara, “Huyu? Na huyu?” Walikuwa chawajani wa kijani, wale wa kawaida wanaopatikana kila mahali. Walikwenda kwenye mabonde mawili ya jirani. Moja lilikuwa na viazi, jingine miche ya parachichi ya mwaka wa pili. Siku ya nne asubuhi Tusekile alikunja wavu wake, akateremka Tukuyu, na bila kupita nyumbani akaenda hospitali.

Njiani alikuwa amepanga maneno. Angesema: Daktari, bonde limelimwa, dume sikumpata, nisamehe. Aliyarudia mpaka yakawa kama sala.

Daktari alikuwa amelala chali, mikono juu ya shuka, imevimba mpaka vifundo havionekani. Mama Doreen alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda. Daktari alitambua hatua zake kabla hajasema.

“Tusekile. Unanuka tope la Kinyala.”

“Shikamoo, Daktari.”

“Marahaba. Umempata?”

Mama Doreen aliinua macho. Tusekile aliona uso wa yule mama, na mkono wake uliokuwa umeshika kona ya shuka, na maneno yote aliyoyapanga yakamtoka.

“Nimempata,” akasema.

“Wangapi?”

“Mmoja.”

“Mzima?”

“Mzima, Daktari.”

“Umemchemsha?”

“Nimemchemsha jana.”

Daktari alifumba macho, kama alivyokuwa akifanya sebuleni. “Mama Doreen, daftari. Haya, Tusekile. Unaona nini?”

Hapo ndipo alipotambua kuwa uongo wa neno moja haungetosha. Ilimbidi atengeneze mdudu. Akili yake ikakimbilia kwa aina ya tatu, aliyemjua kuliko wote kwa sababu alimchora mara nane, akaanza kumbadilisha. Kijiti kimepinda, lakini si sana. Kina miiba miwili, ila inatazama mbele. Ncha ni nyembamba. Daktari aliuliza, naye akajibu. Shina lina upana gani ukilinganisha na urefu? Theluthi. Miiba imeota wapi? Karibu na ncha. Wa kushoto na wa kulia inalingana? Inalingana. Mama Doreen aliandika yote, na mara moja akalazimika kusimama ajifute macho kwa upande wa khanga.

Mwisho Daktari alifumbua macho.

“Inafanana na ya tatu,” akasema.

“Inafanana kidogo.”

“Mm.” Akavuta pumzi. “Andika jina, Mama Doreen. Kwa Kilatini lina mkia.” Akamtajia herufi moja moja mpaka mwisho.

Daktari alifariki siku ya tatu, asubuhi, kabla ya chai. Walimzika kando ya binti yake, mvua ikinyesha, na mchungaji akasema marehemu alikuwa mtu aliyependa viumbe vya Mungu hata vilivyo vidogo kabisa. Tusekile alisimama nyuma ya waombolezaji. Mama Doreen akatuma mtu amwite, akamsimamisha mbele pamoja na ndugu waliotoka Bukoba. Alimshika mkono wakati wote wa mazishi. Tusekile alitamani ardhi imfungukie yeye.

Julai akaja Benson Tesha kutoka Morogoro. Alikuwa mhadhiri kijana, mwanafunzi wa zamani wa Daktari, na alikuwa amemwahidi kuisimamia kazi mpaka ichapishwe. Alikaa sebuleni siku tano akilinganisha daftari na wadudu. Alifurahishwa na michoro ya Tusekile, akasema jina lake litakuwa la pili kati ya waandishi, na kwamba hilo lilikuwa agizo la marehemu. Siku ya tano akauliza kichupa cha dume wa tano kiko wapi, kwa sababu ndiye pekee ambaye hakuchorwa.

“Nitakitafuta,” Tusekile akasema.

Alipata nafasi ya kusema kilivunjika. Alipata nafasi ya kusema kilipotea kwenye msiba, watu wengi, vitu vimehamishwa. Angeaminiwa. Benson mwenyewe alimpa mlango: “Kama kimepotea tutatumia maelezo ya Daktari, wahariri wataelewa.” Tusekile akalala na sentensi hiyo kwa wiki mbili, baada ya Benson kurudi Morogoro. Alikuwa akila anaona chakula kama udongo. Alijua kitakachotokea. Maelezo yatachapishwa, na popote duniani mtu atakayetaka kujua ukoo ule atafungua na kusoma juu ya miiba miwili inayotazama mbele. Atatafuta mdudu mwenye miiba hiyo. Hatampata, kwa sababu hakuwahi kuwepo. Na akimpata dume wa kweli, kama bado yupo mahali fulani, atasema siye, atamrudisha majanini. Na jina la Doreen litakuwa limebandikwa kwenye kitu ambacho hakipo.

Akampigia simu Benson, akamweleza. Hakulia. Alieleza kwa mpangilio, kama anavyoeleza mdudu.

“Daktari alijua?” Benson akauliza.

“Sijui.”

“Maana nilipoisoma niliona ni aina ya tatu iliyogeuzwa. Nilishangaa kwamba hakuagiza neno lolote la shaka liandikwe chini. Yeye angeagiza.” Akakohoa. “Inabidi tuitoe, mama.”

“Najua. Ndiyo maana nimepiga.”

“Na Mama Doreen?”

“Nitamwambia mwenyewe.”

Alikwenda Jumamosi alasiri. Mama Doreen alikuwa akichambua maharage barazani, na alipomwona akapaza sauti ndani ili chai iwekwe jikoni. Tusekile hakungoja chai. Alikaa kwenye kigoda, akasema yote, kuanzia bonde mpaka kitandani hospitalini. Mama Doreen aliendelea kuchambua maharage mpaka maneno yakaisha. Ungo ulikuwa umejaa, lakini vidole vyake viliendelea kuyasukuma huku na huku.

“Niliandika kwa mkono wangu,” akasema.

“Ndiyo, mama.”

“Nilikuwa naandika huku namshukuru Mungu.”

Tusekile aliinamisha kichwa.

“Ungekaa kimya. Mimi nina miaka sabini na moja. Ungeniacha nife nalo.”

“Nilitaka hivyo. Nimeshindwa.”

“Kwa nini ulimwambia uongo mtu anayekufa?”

“Nilikuangalia wewe,” Tusekile akasema, “nikashindwa kusema hapana.”

Mama Doreen aliuweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza akamtazama. “Basi usinitupie mimi,” akasema kwa sauti ya chini. “Uongo ulikuwa wako. Chukua wewe.”

Baada ya muda Tusekile akakumbuka ujumbe wa Benson: kwamba mmoja kati ya wale wanne, wa bonde la juu, angeweza kupewa jina la Doreen, halikuwa jambo gumu, maandiko bado hayajatoka. Akausema. Mama Doreen akatikisa kichwa.

“Baba yake alimchagulia yule. Sitaki wa kufidia.”

Akainuka, akaingia ndani, na chai haikuletwa.

Kazi ilichapishwa mwaka uliofuata, katika jarida la nje. Ukoo wa Mbakella, aina nne, waandishi watatu: Kalumuna, Mwankenja, Tesha. Kwenye ukurasa wa mwisho kulikuwa na mistari miwili juu ya majike wawili wenye doa jeupe, waliopatikana Kinyala. Dume hajulikani, makazi yameondolewa, aina haikupewa jina. Benson alituma nakala mbili. Tusekile alimpelekea Mama Doreen moja. Alipokelewa mlangoni, nakala ikachukuliwa kwa mikono miwili, kwa adabu, na mlango ukafungwa. Wakikutana kanisani husalimiana. Haijazidi hapo.

Wadudu wote, wa sebuleni na wa kituoni, walisafirishwa kwenda Morogoro, maana kituoni hapakuwa na mahali salama pa kuwatunza. Tusekile ndiye aliyewafunga, sanduku kwa sanduku, kwa pamba na dawa ya nondo, siku mbili nzima. Chumba cha wadudu cha kituoni kikageuzwa stoo ya mbolea, na yeye akapangiwa kusafisha ofisi za juu mpaka atakapostaafu. Asajile hakumlaumu wala hakulaumiwa. Siku moja alimpigia simu kusema ameacha shungi la majani kando ya mfereji, ukubwa wa meza, halipigi dawa. Tusekile alimshukuru. Hakumwambia kwamba ni padogo mno na amechelewa.

Mvua kubwa zikija, Tusekile hutumia Jumapili zake baada ya ibada kutafuta. Anakwenda na wavu kwenye mabonde ambayo hajayafikia, mengine mbali, hurudi giza linaingia, nguo zimelowa. Hadi sasa hajamwona yeyote mwenye doa jeupe. Mwaka huu, mwezi wa Mei, alipita kwenye bonde la aina ya pili, yule wa ndoana, ambaye ana jina na mchoro na ukurasa wake. Alikuta vijana wanapima mashimo kwa kamba. Akasimama ukingoni, akawasalimia. Mara hii aliwaita wakae, akawaeleza kila kitu tangu mwanzo, na wakamsikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, maana alikuwa mtu mzima. Kisha mmoja akasema shamba si lao, wao ni vibarua, mwenyewe yuko Mbeya. Wakamwomba radhi, wakashika tena kamba yao.